Kwa nini mkeka wangu huchanwa na timu moja tu?

"Mwalimu, habari za kazi. Mimi nabeti kidogo kidogo. Mkeka wangu huwa wa timu 10, zote zishinde ndipo nilipwe, kila timu odi ya 1.25 hivi, dau 2,000. Nachukua timu za uhakika tu. Tangu Januari nimeweka mikeka 60. Iliyokubali ni 3. Mikeka 12 imechanwa na timu moja! Tisa zinashinda, moja inaniharibia, tena mara nyingi dakika za mwisho. Rafiki zangu wanasema kampuni inaona mkeka wako na inajua pa kuuchana. Mimi naona nimebakiza kidogo sana, maana tisa kati ya kumi si mchezo. Je, niongeze dau, au kuna hesabu ninayokosea? Halafu kuna jamaa wa Telegram ametuma utabiri mara nne mfululizo na yote imekubali, sasa anadai 30,000 kwa mkeka wa tano. Nikwambie ukweli, mwezi uliopita nilichukua pesa ya kikoba ya mke wangu, nikairudisha kwa mkopo wa simu."

Ndugu yangu, umeuliza mambo matatu: nani anakuchania mkeka, je umekaribia kupatia, na huyo jamaa wa Telegram ana nini. La kikoba umelitupia mwishoni kama nyongeza, lakini kwangu ndilo zito kuliko yote na nitalifikia.

Hakuna anayekuchania. Mkeka wa timu 10 za odi hiyo huchanwa na timu moja mara nyingi zaidi kuliko unavyokubali, hata kama kila mchezaji na kila mwamuzi ni mwaminifu. Namba ulizoniletea, 3 na 12 kati ya 60, zinakaribiana sana na zile ambazo ningekuandikia mwezi Januari kabla hujaweka mkeka hata mmoja. Tuzifanye hesabu hizo pamoja, maana ukiziona mwenyewe kwenye karatasi hutahitaji kuniamini mimi.

Kwanza odi, yaani ile namba inayozidishwa na dau lako ukishinda. Ukigawanya 1 kwa 1.25 unapata 0.80, na wengi huishia hapo wakasema timu ina nafasi ya 80%. Hiyo ni nafasi iliyokwisha kutiwa faida ya kampuni. Chukua mechi ambayo mwenyeji ana odi ya 1.25, sare 5.80 na mgeni 11.00. Geuza zote tatu: 80%, 17.2% na 9.1%. Jumla ni 106.3%. Nafasi za matokeo yote ya mechi moja haziwezi kuzidi 100%, kwa hiyo ile 6.3% ya ziada ndiyo ya kampuni. Gawanya 80 kwa 106.3 na unabaki na kama 75%. Ni makadirio ya haraka, kwa sababu kampuni haigawi faida yake sawasawa kwenye kila tokeo, lakini kwa kazi yetu yanatosha. Fanya hesabu hiyo kwenye mechi yoyote kwa kikokotoo cha simu.

Kwa hiyo timu yako ya "uhakika" hushinda mara tatu katika kila mara nne. Ni nafasi nzuri kweli. Kosa halipo kwenye kuichagua timu, linaingia unapozifunga kumi pamoja.

Tuanze na mkeka mdogo wa timu tatu, tuseme Simba, Yanga na Azam, kila moja inacheza mechi yake na kila moja ina nafasi ya 75%. Chukua wikiendi 64 za namna hiyo. Simba inashinda 48 kati yake. Katika hizo 48, Yanga nayo inashinda 36. Katika hizo 36, Azam inashinda 27. Basi mkeka unakubali mara 27 kati ya 64, yaani 42%. Tayari umeshuka chini ya nusu, na bado ni timu tatu.

Sasa hesabu mara ambazo timu moja pekee imeharibu. Simba na Yanga zimeshinda mara 36, Azam imeshindwa katika 9 kati ya hizo. Lakini anayeharibu anaweza kuwa Yanga badala ya Azam: mara 9 nyingine. Au Simba: mara 9 tena. Jumla ni 27. Mikeka iliyokubali 27, iliyochanwa na timu moja 27. Zimelingana kwa timu tatu tu!

Mzizi wa suala lako ni huo. Mkeka una njia moja tu ya kukubali: timu zote zishinde. Ila wa timu 10 una njia 10 za kuchanwa na timu moja, kwa kuwa yoyote kati ya hizo kumi inaweza kuwa mharibifu. Njia za kuchanwa na timu mbili ni 45, na za kuchanwa na tatu ni 120. Kila njia peke yake ina nafasi ndogo kuliko ile ya kukubali, lakini zikijumlishwa zinaizidi kwa mbali. Ukitaka kujua zile 10 za timu moja zinaizidi mara ngapi, zidisha idadi ya timu kwa nafasi ya timu moja kushindwa, kisha gawanya kwa nafasi yake ya kushinda. Kwako ni 10 mara 0.25, gawanya kwa 0.75: 3.3. Kwa kila mkeka mmoja unaokubali, tegemea zaidi ya mitatu iliyochanwa na timu moja. Hata ungekuwa na jicho la kuchagua timu zenye nafasi ya 90% kila moja, mkeka wa kumi ungekubali mara 35 katika 100 na kuchanwa na timu moja mara 39. Kuchanwa na moja bado kungeongoza.

Kwa mikeka yako 60 hesabu kamili inasema hivi. Kukubali ni 0.75 ikizidishwa yenyewe mara kumi, yaani 5.6%, sawa na mikeka 3 na kidogo. Kuchanwa na timu moja 18.8%, mikeka 11. Na mbili 28.2%, mikeka 17. Na tatu 25%, mikeka 15. Iliyobaki, kama 13, huharibiwa na timu nne au zaidi. Wewe umepata 3 na 12. Hata ungeniambia iliyochanwa na moja ni 7 au 16, ningesema bado uko ndani ya kawaida, maana bahati huyumba. Ungeniambia 30, hapo ningeshtuka na kutaka kuiona mikeka yenyewe.

Huu ndio mtihani unaojibu hofu ya rafiki zako. Upangaji wa matokeo upo katika mpira, watu wamefungiwa na wengine wamefungwa kwa ajili yake, sitakudanganya. Ila kampuni ingekuwa inakusubiri wewe, ungeiona kwenye namba: mikeka ya timu moja ingefurika kupita ile 11. Haijafurika. Tena kampuni haina haja. Odi ya mkeka wako mzima ni 1.25 mara kumi, yaani 9.31, na dau la 2,000 linalipa 18,626 kabla ya kodi inayokatwa kwenye ushindi. Zidisha 9.31 kwa ile 5.6%, au kwa usahihi zaidi 5.63%. Kwa wastani kila 1,000 unayoweka inarudi 524. Anayebakiza karibu nusu ya dau lako kwa hesabu halali hana sababu ya kuhonga kipa.

Kwa nini basi akili inakataa? Sababu ya kwanza ni kwamba unaipima kila timu peke yake. Unamaliza kuchagua kumi na kichwani kimebaki kile cha mwisho ulichokiona: 75%, 80%, "hii haiwezi kufungwa." Akili inachukua wastani mahali ambapo ilipaswa kuzidisha. Mwaka 1973 mtafiti wa Israeli, Maya Bar-Hillel, aliwapa watu wachague kati ya michezo miwili. Wa kwanza: mfuko wenye gololi nusu nyekundu na nusu nyeupe, chomoa moja, ikiwa nyekundu umeshinda. Wa pili: mfuko ambao 90% ni nyekundu, chomoa mara saba ukirudisha kila gololi, zikiwa nyekundu zote saba umeshinda. Wengi walichagua wa pili. Wa kwanza una nafasi ya 50%, wa pili 48%. Ile 90% iliwavuta, na saba hawakuiona. Mkeka ni huo mfuko wa pili, ila wako una 75% na unachomoa mara kumi.

Sababu ya pili ni hisia ya kukaribia. Timu tisa kati ya kumi zinaonekana kama umefika mlangoni. Lakini kwa nafasi ya 75%, mkeka wa kawaida kabisa hupata timu 7 au 8, kwa hiyo tisa ni siku iliyozidi wastani kidogo tu. Na mkeka unaofuata hauikumbuki ile tisa. Unaanza tena na 5.6%, iwe jana umechanwa na moja au na sita. Mwaka 2009 Luke Clark wa Cambridge na wenzake waliwachunguza watu ubongo wakiwa wanacheza mchezo wa mashine ya kamari. Kukosa kwa kidogo kuliamsha baadhi ya sehemu zilezile zinazoamshwa na ushindi, na kuliwatia hamu ya kuendelea kuliko kukosa kwa mbali, ingawa wenyewe walisema hakupendezi. Huo mwili unaokuambia "ongeza dau, umekaribia" unasoma hasara kama nusu ya ushindi.

La dakika za mwisho nalo halina mchawi. Magoli hufungwa zaidi kuelekea mwisho wa mechi, miguu ikiwa imechoka na timu inayofungwa imepanda yote mbele. Na wewe dakika hizo unazitazama kwa macho yote pale tu ambapo timu tisa zimeshafanya kazi. Mikeka iliyokufa mapema Jumamosi saa tisa hukuifuatilia, kwa hiyo hukuibeba moyoni.

Sasa, ufanye nini na dau? Kuongeza hakubadilishi chochote isipokuwa ukubwa wa hasara. Umeweka 120,000, umepokea kama 55,900, umepoteza kama 64,000. Ungeweka 10,000 kila mkeka ungekuwa umepoteza 320,000 kwa matokeo yaleyale.

Kupunguza timu ni afadhali, na nitakueleza afadhali kiasi gani. Timu moja ya odi 1.25 yenye nafasi ya 75% hurudisha kwa wastani 937 katika kila 1,000. Timu mbili hurudisha 879. Kumi, kama tulivyoona, 524. Faida ya kampuni inakatwa mara moja kwa kila timu unayoongeza, ndiyo maana mikeka mirefu inatangazwa kwa nguvu na kupewa bonasi. Bonasi ya 10% kwenye ushindi inakutoa 524 hadi 577. Ili urudishe pesa yako tu ingehitajika bonasi ya 91%. Ahadi ya kurudishiwa dau ukichanwa na timu moja ndiyo nzuri kuliko zote nilizopigia hesabu, kwa sababu inalipa kile kinachotokea mara 18.8 katika 100: inakufikisha karibu 712. Bado unaacha 288 katika kila 1,000, na hapo nimechukulia wanarudisha taslimu na kwa odi zilezile. Soma masharti, mara nyingi dau hilo hurudi kama beti ya bure, au wanataka kila timu iwe na odi kubwa zaidi. Kutoa pesa kabla mechi hazijaisha ni kuuza mkeka kwa bei anayopanga mnunuzi, naye huipanga ikiwa na faida yake nyingine ndani.

Usijaribu kudabo dau kila unapopoteza. Ukianza na 1,000 na kupoteza mara nane mfululizo utakuwa umeshatoa 255,000, na beti ya tisa inadai 256,000 ili upate faida ya 1,000. Kwenye odi ya 2.00, ambayo nafasi yake halisi huwa kama 47%, mfululizo wa hasara nane ukianza popote una nafasi ya takriban 1 katika 160. Anayebeti kila siku ataukuta.

Kama unaamini kweli una jicho la timu, lipime. Katika mikeka yako 60 kuna timu 600. Hesabu zilizoshinda, moja moja, bila kujali mkeka ulikuwaje. Zikiwa kama 450 una 75%, sawa na soko linavyosema. Ili usipate wala usipoteze kwa odi ya 1.25 unahitaji 480. Namba kama 460 au 440 ni kuyumba kwa bahati tu. Fanya hesabu hii leo kabla ya beti nyingine. Watu wengi hawajawahi kuifanya kwa sababu programu ya simu inawaonyesha mikeka, na timu zimefichwa ndani.

Huyo wa Telegram usimpe hata shilingi. Utabiri nne sahihi mfululizo unaonekana kama ujuzi, lakini ona jinsi unavyotengenezwa bila kujua mpira. Anachukua watu 800. Nusu anawaambia mechi itakuwa na magoli matatu au zaidi, nusu anawaambia hayatafika matatu. Watu 400 wamepata utabiri sahihi. Wale wengine anaachana nao. Kesho anawagawa hao tena, 200. Kisha 100. Kisha 50. Hao 50 wameona mara nne kwa nne kwa macho yao, na hawajui kuwa kulikuwa na 750 walioachwa njiani. Kila mmoja akitoa 30,000, jamaa ana milioni moja na nusu. Wengine huendesha chaneli kadhaa na kufuta zilizokosea, au huhariri picha ya mkeka baada ya mechi. Sijui wako anatumia ipi kati ya hizo. Lakini mtu mwenye uwezo wa kupatia mechi nne kwa nne hana haja ya 30,000 zako.

Nirudi kwenye kikoba. Umesema wewe ni wa kidogo kidogo, na 2,000 ni kidogo kweli. Lakini umechukua pesa isiyo yako, ukaifunika kwa mkopo, na sasa unafikiria kuongeza dau. Hatua hizo tatu zikifuatana, suala limetoka kwenye hesabu. Shirika la Afya Duniani linautambua uraibu wa kamari kama ugonjwa, na unatibika. Dalili za kuangalia ni hizi: kubeti ili kurudisha ulichopoteza, kuficha, kukopa, kukasirika au kukosa usingizi unapojaribu kuacha, na kuahidi kila mwezi kwamba huu ndio wa mwisho. Ukijiona kwenye mbili au tatu, nenda ukaonane na mtu ana kwa ana, usiishie kuniandikia mimi. Hospitali za rufaa za mikoa nyingi zina huduma ya afya ya akili. Dar es Salaam kuna Muhimbili, Dodoma kuna Mirembe, na kwa ndugu zetu wa Nairobi kuna Mathari. Ukifika sema wazi kuwa ni kamari, maana wasipojua watakutibu usingizi peke yake. Na kama mawazo yamekufikisha mahali pa kuona heri usiwepo, usisubiri Jumatatu: mwambie aliye karibu nawe sasa hivi na mwende hospitali pamoja.

Wiki hii andikia kampuni uombe wafunge akaunti yako, kwa ujumbe ulioandikwa ili ubaki nao. Toa programu kwenye simu. Lipa mkopo wa simu kabla ya jambo lingine lolote, kwa sababu riba yake haisubiri. Na mkeo mwambie wewe mwenyewe, ukiwa na ile karatasi ya mikeka 60 mkononi, kabla hajaambiwa na mweka hazina wa kikoba.